Pizza ya nyumbani kuanzia unga: kwa oveni, kikaango au jiko la mkaa

Pizza nyingi za nyumbani huharibikia mezani, kabla hazijaona moto. Pakiti nzima ya hamira imemiminwa ili unga uumuke upesi, nyanya imepakwa mpaka inaelea, na jibini imerundikwa bila kipimo. Pizza ya namna hiyo ikifika motoni haiokwi, inachemka: ukingo unakauka huku katikati pakibaki pabichi, na ukishika kipande kinainama mpaka kila kitu kinamwagika sahanini. Dawa ni kupunguza vya juu na kuongeza muda wa kuumua na ukali wa moto. Hayo mawili ndiyo nitakayoyarudia mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo yanayotenganisha pizza na mkate uliopakwa nyanya.

Pizza ninayoizungumzia ni ile ya asili ya Naples, Italia. Ile ya Forodhani, Unguja, inayofungwa na nyama ya kusaga na yai kisha ikakaangwa juu ya chuma, ni tamu na ina mafundi wake, lakini ni pishi jingine kabisa. Naples wameichukulia kazi hii kwa uzito: tangu 1984 wana chama kinacholinda kanuni zake, na mwaka 2017 UNESCO iliingiza ufundi wa wapishi wa pizza wa mji huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Tanuri lao la kuni hufika nyuzi joto zaidi ya 400, na pizza hutoka baada ya sekunde 60 hadi 90.

Sasa linganisha na jikoni kwetu. Oveni ya kawaida inaishia nyuzi 250. Pizza itakaa humo dakika saba au nane, na muda wote huo unga unapoteza maji. Ukinakili mapishi ya Naples neno kwa neno, ya unga, maji, chumvi na hamira tu, utapata kitu kigumu na cheupe. Ndiyo maana katika vipimo vya hapa chini nimeweka mafuta kidogo, yanayoufanya unga ubaki laini, na sukari kidogo, inayousaidia kupata rangi katika moto usiokuwa mkali sana. Wazee wa Naples wanisamehe.

Vipimo vya pizza nne za upana wa sentimita 25 hivi

- Unga wa ngano gramu 500 (vikombe 4 vya mililita 250, ujaze kwa kijiko bila kushindilia)
- Maji mililita 320 (kikombe kimoja cha mililita 250 na karibu vijiko 5 vya mezani)
- Chumvi gramu 12 (vijiko 2 vya chai, vya kusawazisha)
- Hamira ya chengachenga, nusu kijiko cha chai
- Mafuta ya zeituni au ya alizeti, kijiko 1 cha mezani
- Sukari, kijiko 1 cha chai

Kwa juu: nyanya ndefu zilizoiva gramu 600, au kopo moja la gramu 400 la nyanya zilizomenywa, jibini gramu 280 hadi 300, kitunguu saumu punje mbili, majani ya rehani kiganja kimoja, mafuta ya zeituni ya kudondoshea.

Kama unaweza kupata mizani ndogo ya jikoni, inunue. Kikombe cha unga kwa mtu mmoja ni gramu 120, kwa mwingine ni 150, na kwa vikombe vinne tofauti hiyo inatosha kugeuza unga laini kuwa jiwe.

Unga na hamira

Chagua unga wa mkate au unga wa ngano wa kawaida wenye protini nyingi. Geuza mfuko usome jedwali la nyuma: gramu 11 hadi 13 za protini kwa kila gramu 100 ni nzuri. Protini hiyo, ikikutana na maji na kukandwa, ndiyo inayojenga nyuzi zinazoshikilia hewa. Usinunue ule ulioandikwa "self raising", kwa maana umeshachanganywa na bekingi pauda na utakupa keki yenye chumvi. Unga wa atta unaweza kuutumia robo, ukiupenda, lakini ukizidisha pizza inakuwa nzito.

Kuhusu hamira, najua nusu kijiko inaonekana kama mzaha. Pakiti ndogo ya gramu 11 ina vijiko vya chai vitatu na nusu hivi, na watu wengi huimaliza yote kwenye nusu kilo ya unga. Unga unaumuka kweli, tena kwa saa moja tu, lakini unanuka hamira na hauna ladha nyingine yoyote. Ladha ya mkate mzuri hutokana na hamira kufanya kazi polepole. Funga pakiti iliyobaki, itie ndani ya kichupa kikavu, uweke kwenye friji. Ukiwa na shaka kama bado ni nzima, koroga kidogo katika maji vuguvugu yenye sukari. Ndani ya dakika kumi lazima itoe povu. Isipotoa, itupe.

Maji yasiwe ya moto. Wengi wanaua hamira kwa kudhani inahitaji joto, wanamimina maji ambayo kidole hakivumilii. Maji ya kawaida yanatosha, na hapa Dar mwezi wa Januari, maji ya bomba yakitoka tayari yana uvuguvugu, mimi hutumia ya friji. Arusha, Nairobi au Bukavu wakati wa baridi, vuguvugu kidogo ni sawa.

Kukanda

Changanya unga, hamira na sukari kwenye bakuli pana. Mimina maji yote, koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, kisha funika uuache dakika 20 bila kuugusa. Usiruke hatua hii. Katika dakika hizo unga unakunywa maji wenyewe na nyuzi zinaanza kujijenga, hivyo nusu ya kazi ya mikono yako inafanyika wewe ukiandaa nyanya.

Baada ya hapo nyunyiza chumvi na mafuta, anza kukanda. Utanata. Hapa ndipo mkono unapokwenda wenyewe kwenye mfuko wa unga, na hapa ndipo unapotakiwa kuuzuia. Unga wa pizza ni laini kuliko wa chapati, na kila konzi ya unga unayoongeza inaiba ulaini wa baadaye. Lowesha viganja kwa maji kidogo au vipake mafuta, uendelee: sukuma kwa kisigino cha mkono, kunja, geuza robo, sukuma tena. Dakika nane hadi kumi. Mwanzoni unachanika na kushika meza. Kufika dakika ya sita utahisi umeanza kujikusanya na meza inabaki safi.

Jaribio la kujua kama umekandika ni hili. Kata kipande kama cha ukubwa wa ndimu, kishike kwa vidole vya mikono miwili, ukivute taratibu kutoka katikati kwenda nje, ukigeuzageuza. Kiinue mbele ya dirisha. Kama kinatanuka mpaka kinakuwa utando mwembamba, mwanga unapita na unaona kivuli cha vidole vyako kwa nyuma bila kutoboka, unga uko tayari. Kikichanika mapema, acha unga upumzike dakika tano, kisha kanda dakika mbili tatu zaidi. Kupumzika mara nyingi kunasaidia kuliko nguvu.

Kuumua

Kuna njia mbili na ninaipendelea ya pili waziwazi.

Ya kwanza ni ya siku hiyohiyo. Weka unga kwenye bakuli lililopakwa mafuta, funika kwa sahani au mfuniko. Dar, Mombasa au Tanga penye nyuzi 30, saa mbili zinatosha ujae mara mbili. Penye nyuzi 20, subiri saa tatu hadi nne. Usiangalie saa peke yake, angalia unga. Ukizamisha kidole ndani, shimo lirudi polepole na lisijae kabisa. Kisha gawanya madonge manne ya gramu 210 hivi, uyaache saa moja nyingine.

Ya pili ni ya friji. Punguza hamira iwe robo kijiko cha chai. Ukimaliza kukanda, acha unga mezani saa moja, ugawanye madonge, uyaweke kwenye kontena lenye mfuniko, uingize kwenye friji. Saa 24 ni nzuri, 48 ni bora, zaidi ya 72 unaanza kuwa mchachu na dhaifu. Baridi haiui hamira, inaipunguza mwendo, na wakati huo vimeng'enya vya unga vinavunja wanga kuwa sukari. Pizza itapata rangi ya kahawia yenye madoadoa kwa urahisi zaidi, itatafunika vizuri na haitakuwa na harufu ile kali ya hamira. Kwa mwenye kazi za mchana njia hii ni nyepesi: unakanda Alhamisi usiku, unapika Jumamosi. Umeme ukikatika saa mbili tatu na friji ikabaki imefungwa, usiwe na wasiwasi. Toa madonge saa moja na nusu kabla ya kupika ili baridi iyaishe, maana unga wa baridi unajikunja kila unapoutandaza.

Kutengeneza donge: kunja kingo nne kuelekea katikati, ligeuze mshono uwe chini, kisha livute kwa viganja viwili juu ya meza lijibane na ngozi ya juu iwe nyororo. Donge lililobanwa vizuri huumuka kwenda juu. Lililotupwa tu hutanuka kama uji. Lipake mafuta kidogo na hakikisha limefunikwa muda wote, kwa sababu ngozi ikikauka itapasuka utakapotandaza.

Nyanya

Mchuzi wa pizza haupikwi. Utaiva juu ya pizza yenyewe, na ukiupika kabla unakuwa mchuzi wa tambi. Ubaya ni kwamba nyanya nyingi za sokoni zina maji mengi. Tafuta zile ndefu zenye nyama, kama Rio Grande, zilizoiva mpaka zimekuwa nyekundu kweli. Zichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, zimenye, zipasue, utoe mbegu kwa kidole. Katakata, tia chumvi kidogo, ziweke kwenye chujio nusu saa. Utashangaa maji yatakayodondoka, na maji hayo yote yangeingia kwenye unga wako. Ziponde kwa mkono au uma, tia punje ya kitunguu saumu iliyosagwa, basi. Ukiwa na za kopo, chuja vilevile. Kama msimu ni mbaya na nyanya zimechujuka, kijiko kidogo cha nyanya nzito ya kopo kinarudisha rangi na ladha.

Tomato ya chupa ya kulia chipsi usiitumie. Ina sukari nyingi na siki, inaungua kabla pizza haijaiva.

Jibini

Mozarela ndiyo yenyewe, na supamaketi za miji mikubwa hazikosi. Ile nyeupe inayouzwa ndani ya maji ikatwe vipande na ikae kwenye chujio saa moja. Ile kavu ya kipande ikwanguliwe tu. Iliyokwanguliwa kiwandani imepakwa wanga ili isishikane, kwa hiyo haiyeyuki vizuri, na bei yake ni kubwa bila sababu. Nunua kipande.

Mozarela ikikosekana, usikate tamaa. Walioko Kivu wana jibini ya Goma, ile ya duara kutoka Masisi, inayoyeyuka vizuri sana. Gouda za Kenya na Rwanda zinafaa pia. Cheda peke yake inatoa mafuta mengi, ichanganye nusu kwa nusu na nyingine. Gramu 70 kwa pizza moja. Ukiipima utaona ni konzi moja isiyojaa.

Na kama jibini imekushinda bei kabisa, pika marinara. Ni mojawapo ya pizza kongwe za Naples na haina jibini hata chembe: nyanya, vipande vyembamba vya kitunguu saumu, oregano kavu, mafuta ya zeituni. Ukiwa na unga mzuri na nyanya nzuri hutatamani kingine, na ndiyo pizza ninayompa mtu nikitaka ajue unga wangu umetoka vipi.

Kutandaza

Weka kijiti cha kusukumia chapati kabatini. Kazi yote ya saa 24 ilikuwa kuweka hewa ndani ya unga, na kijiti kinaitoa yote kwa dakika moja.

Nyunyiza unga mezani. Geuza donge liingie humo pande zote mbili. Kwa ncha za vidole bonyeza kuanzia katikati kwenda nje, ukiacha ukingo wa sentimita mbili bila kuugusa kabisa. Geuza, bonyeza tena. Likishafika upana wa sahani ndogo, liinue na kuliweka juu ya ngumi zako mbili, ukiziachanisha taratibu na kulizungusha. Uzito wake wenyewe unalivuta. Lengo ni sentimita 25, katikati pawe pembamba lakini pasipitishe mwanga. Unga ukigoma na kurudi nyuma, usigombane nao. Ufunike, rudi baada ya dakika kumi, utakuwa mtiifu.

Chini ya pizza nyunyiza unga wa sembe. Chenga zake zinaizuia isishike kwenye ubao, nayo itateleza vizuri kuingia motoni. Kwa ubao unaweza kutumia kibao cha chapati au mgongo wa trei. Kabla hujapakia chochote tikisa ubao: pizza iteleze. Ikishika mahali, inua, ongeza sembe. Ukisubiri mpaka imejaa nyanya, umechelewa.

Nyanya ni vijiko vitatu vya mezani, uvisambaze kwa mgongo wa upawa kwa kuzungusha kutoka katikati. Unga uonekane hapa na pale. Jibini itawanywe ikiwa na nafasi katikati. Ukipita Malindi, ambako Waitaliano wamejaa tangu miaka ya 1960 kilipojengwa kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni, simama karibu na tanuri la kuni la mkahawa wowote mzuri umtazame mpishi. Mkono wake ni mwepesi, na hakuna anayelalamika kwamba kapunjwa.

Vitu vingine vya juu visizidi viwili. Uyoga, vitunguu na pilipili hoho vipitishe kwenye kikaango kikavu kwanza vitoe maji. Nyama ya kusaga na kuku viive kabisa kabla, maana dakika saba hazitoshi kuviivisha salama. Kamba wadogo waliomenywa na kufutwa maji wanaweza kwenda wabichi. Pweza achemshwe mpaka awe laini ndipo akatwe vipande vyembamba. Rehani iwekwe pizza ikishatoka, vinginevyo inaungua na kuwa nyeusi.

Kuoka

Popote utakapooka, kanuni ni moja: pizza ikutane na kitu cha chuma au jiwe kilichokwisha kupata moto. Unga ukigusa joto hilo, maji yake yanageuka mvuke mara moja, mvuke unainua ukingo, na chini kunakauka kabla nyanya haijapenya. Trei ya baridi inafanya kinyume chake.

*Kwa oveni.* Weka ndani bamba nene la chuma, jiwe la pizza, chuma kizito cha chapati, au trei nzito iliyogeuzwa mgongo juu. Washa moto wa mwisho kabisa na usubiri dakika 45. Oveni itakuambia iko tayari baada ya dakika kumi na tano. Hewa iko tayari, chuma bado. Telezesha pizza juu yake, funga upesi. Dakika sita hadi tisa. Kama oveni yako ina moto wa juu, uwashe dakika mbili za mwisho. Zile za gesi zenye moto wa chini tu, anza kwenye kichanja cha chini kisha uhamishie cha juu, ambako joto linakusanyika. Kati ya pizza moja na nyingine acha dakika tano chuma kirudishe moto wake.

*Kwa kikaango, juu ya gesi au mkaa.* Asiye na oveni asione amekosa kitu; pizza ya namna hii ikipikwa vizuri chini yake ni nzuri kuliko ya oveni dhaifu. Tumia kikaango kizito chenye mfuniko, upana wa sentimita 26 au zaidi. Kiwe cha chuma, maana kile chenye utando mweusi wa kuzuia kushika si salama kukichoma kitupu kwa moto mkali. Kipashe moto wa kati dakika tano, bila mafuta. Weka unga uliotandazwa ukiwa mtupu. Baada ya dakika moja utaona mapovu yanainuka juu. Inua ukingo kwa mwiko utazame chini. Ukiona madoa ya kahawia kama ya chapati, kama dakika mbili hivi, geuza. Sekunde 30 upande wa pili zinatosha, kisha toa.

Sasa weka ule upande uliopata madoa juu, upake nyanya na jibini hapo. Rudisha kikaangoni upande ule hafifu ukiwa chini, punguza moto, funika. Dakika nne hadi tano jibini itakuwa imeyeyuka na chini pamekauka. Mfuniko ukikusanya matone ya mvuke, uinue moja kwa moja juu, uufute, urudishe. Matone yakiangukia jibini yanaifanya iwe kama imechemshwa. Moto ukizidi, chini kutaungua kabla ya jibini kuyeyuka. Hapo ondoa kikaango motoni, kiache kimefunikwa dakika mbili, joto lililobaki linamalizia.

*Kwa sufuria na mkaa, juu na chini.* Ni ufundi uleule wa mkate wa mchele, wa kupalia makaa juu ya mfuniko, isipokuwa mkate unataka moto wa upole na pizza inataka mkali. Tafuta sufuria ya zamani, nene na pana, isiyo na mshikio wa plastiki. Mwaga ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita mbili. Mchanga unasambaza joto na unailinda sufuria, kwani bati jembamba likichomwa tupu linapinda na hata kutoboka. Juu ya mchanga weka chuma cha chapati. Funika kwa mfuniko bapa wa chuma.

Makaa yawe mekundu kabisa, moshi umekwisha. Pasha dakika 20 kutoka chini, kisha palia makaa mengi juu ya mfuniko, upashe tena dakika 10. Ukiwa tayari, inua mfuniko kwa koleo, wima bila kuuinamisha, kwa sababu jivu linasubiri kuteleza. Telezesha pizza, funika, tazama baada ya dakika sita. Chini kukitangulia kuiva, vuta makaa ya chini pembeni; juu kukichelewa, ongeza makaa ya juu. Pizza ya kwanza itakufundisha moto wa siku hiyo, kwa hiyo iwe marinara, ya gharama ndogo. Na kazi hii ifanyike nje au kibarazani penye hewa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyonuka, na imeua familia nzima.

Pizza ikitoka, iweke juu ya wavu au kichanja chenye nafasi chini kwa dakika moja kabla ya kuikata. Ukiiweka moja kwa moja kwenye sahani baridi mvuke unageuka maji na chini kunalainika. Dondosha mafuta ya zeituni, rarua rehani kwa mkono, kata. Mkasi safi wa jikoni unakata vizuri kuliko kisu.

Ikienda vibaya

Chini pamepauka na ni laini: chuma hakikupata moto wa kutosha. Ongeza muda wa kupasha, usiongeze muda wa kuoka.

Katikati pana maji: nyanya hazikuchujwa, au jibini ilikuwa na maji, au umeweka vitu vitatu vinne juu. Mara nyingi ni yote kwa pamoja.

Ukingo haukuinuka: unga umeumuka kupita kiasi ukachoka, au uliubonyeza ukingo wakati wa kutandaza. Unga uliochoka unanuka pombe na unachanika ukiuvuta. Usiutupe. Mwaga mafuta kwenye trei, utandaze humo kwa vidole, nyunyiza chumvi ya mawe na vitunguu vyembamba, uuache nusu saa, uoke. Utapata mkate bapa mzuri wa kulia supu.

Ukingo mgumu kama biskuti: unga uliongezwa wakati wa kukanda, au pizza imekaa motoni mno. Moto mkali kwa dakika chache daima ni afadhali.

Ya kuweka akiba

Madonge yakizidi, yapake mafuta, kila moja kwenye kontena lake, uyagandishe. Yanakaa mwezi mmoja. Yahamishie sehemu ya chini ya friji usiku, na asubuhi yatoe mezani saa mbili kabla ya kutandaza. Kwa wenye watoto au wanaouza vitafunio, ni bora zaidi kupika unga mtupu kikaangoni upande mmoja na nusu, kama nilivyoeleza, uupoze kabisa juu ya wavu, kisha ugandishe ukiwa umetenganishwa kwa karatasi. Njaa ikibisha hodi unautoa mmoja, nyanya, jibini, dakika tano chini ya mfuniko.

Vipande vilivyobaki vipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mfuniko juu, dakika tatu. Maikrowevu inavifanya viwe kama ngozi.